Dawa ya Kushusha Kinga

Kama asubuhi ya leo vidole vyako vimekataa kufunga kifungo cha shati, na mtu wa nyumbani amekwambia ni baridi tu, vaa soksi, itapita, basi haya nimekuandikia wewe. Mimi si mtu wa shule. Niliacha darasa la saba kwa sababu barabara kuu ilipita karibu na darasa letu na malori yalinivutia kuliko ubao. Tangu hapo nimepakia mchanga, nimeuza soksi, nimelinda nyumba ya watu waliokuwa ng'ambo na kusoma vitabu vyao vyote vilivyokuwa rafuni, na mwishowe nikawa fundi wa rangi: vibanda vya maonyesho kule Jamhuri, Nairobi, mabango ya maduka katikati ya mji. Sikuwahi kukaa mtaa mmoja hadi mbwa wake wakanizoea. Ugonjwa ndio ulionikalisha.

Ulianza wakati wa mvua ya masika. Nilikuwa juu ya ngazi mjini, nikiandika neno VITAMBAA kwenye ukuta wa duka, na nilipofika kwenye B mkono ukakataa kuzunguka. Mwenye duka alitoka nje akatazama juu.

"Fundi, hii nini? Vitamdaa?"

Nilicheka naye. Niliamini nimechoka.

Kufikia baridi ya Julai magoti yalikuwa yamevimba kama maembe, na taya halifunguki vizuri, hata mkate nikauchovya kwenye chai kama mzee asiye na meno. Duka la dawa la mtaani lilinipa vidonge vya maumivu, kisha sindano ya maumivu, kisha vidonge vikubwa zaidi. Vilinisaidia kusimama, navyo vikanitoboa tumbo. Sikujua, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba dawa ya kutuliza goti inaweza kumwaga damu ya tumbo. Ukiona choo chako kimekuwa cheusi kama lami, usingoje Jumatatu. Nenda siku hiyo hiyo.

Asubuhi moja nilishindwa kuzungusha ufunguo wa chumba changu nikiwa ndani. Nilikaa sakafuni nikigonga mlango wangu mwenyewe kwa kisigino. Jirani akavunja kufuli, akampigia simu dada yangu.

Dada Rispa ni mkubwa wangu. Ndiye aliyenibeba mgongoni kule nyumbani magharibi nilipokuwa mdogo, na hadi leo huniita kwa sauti ile ya kumwita mtoto anayesogelea moto. Alikuja na mumewe, fundi wa magari mwenye mabega makubwa na maneno machache, wakanichukua pamoja na godoro langu hadi kwao Kangemi, ng'ambo ya barabara kutoka Mountain View. Nilitandikiwa sebuleni, nyuma ya pazia la maua.

Kutoka huko ndipo nilipoanza kwenda kwenye kliniki ya hisani mjini. Iliendeshwa na jamii moja ya Wahindi, orofa ya pili ya jengo la zamani lisilo na lifti. Wagonjwa wote wa viungo walipanda ngazi hizo kinyumenyume, kwa sababu goti bovu huuma kidogo ukirudi nyuma, na watu wapya walidhani tumerukwa na akili. Siku ya kwanza nilipimwa damu yote, pamoja na ile ya virusi. Matokeo yakaja: virusi hakuna. Daktari, mama wa makamo aliyevaa sari na viatu vya michezo, alisema mwili wangu unapigana na viungo vyake wenyewe. Niliweka karatasi mfukoni. Nyumbani hakuna aliyeniuliza nilipimwa nini, nami sikusema. Kwetu mtu mzima haulizwi.

Nilipewa steroidi, vidonge vidogo vyeupe. Wiki ile ya kwanza sitaisahau. Nilifua nguo zangu. Nilitembea hadi Uthiru na kurudi kwa ajili ya kutembea tu, nikisoma kila kibao njiani. Nilidhani nimepona.

Kisha uso ukaanza kujaa. Mashavu yalikuja mbele hadi nikawa nayaona chini ya macho yangu. Shingo ikapotea. Usingizi nao ukapotea, na njaa ikaja ambayo haikuwa yangu. Nilikula ugali wa watu wawili nikaona haya kutazama sufuria. Na huku nje watu walikuwa wakinipongeza.

"Niaje, fundi! Umeomoka!" aliniita muuza viazi. "Mashavu kama ya mheshimiwa! Hebu tuachie kidogo."

Ningewaambia nini? Kwamba ndani ya mashavu hayo mifupa inalia? Nilicheka, nikapita. Mtu anayedhoofika huonewa huruma. Mimi nilikuwa naoza huku nimenona.

Mtu pekee aliyenielewa alikuwa Mama Pushpa, mwenye duka jingine la vitambaa mjini, ambaye alikuwa na ugonjwa huu tangu kabla sijazaliwa. Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha la kliniki, vidole vyake vimepinda wote upande mmoja kama nyasi kwenye upepo.

"Kuja keti hapa, kijana. Iko uma wapi?"

"Kila mahali, mama."

"Uso yako sasa mzuri. Mimi ilikuwa kama puri, ile mkate navimba kwa mafuta. Bwana yangu nasema, Pushpa, leo wewe iko pande zote!" Akacheka hadi akashika ubavu. Kisha akaniinamia. "Sikiliza. Hii dawa usiache siku moja. Kupunguza, daktari anasema. Wewe hapana. Ukiacha ghafla, naanguka."

Niliyashika maneno hayo. Ndiyo maana yaliyokuja baadaye yaliniumiza mara mbili.

Daktari alianza kuipunguza, taratibu, kwa sababu ilikuwa inanila mifupa. Kila alipopunguza, ugonjwa ulisogea mbele kujaza nafasi. Jakaranda zilipochanua sikuweza tena kushika kijiko wala kufungua kopo la dawa; Rispa alilifungua yeye, akaniwekea kidonge ulimini kama padre. Na sikuweza kuoga.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Kwetu dada hamwoni kaka yake mtu mzima akiwa uchi. Hilo halina mjadala hata mtu awe anakufa. Shemeji naye ni wa kuheshimiana, hupitani naye ovyo hata mlangoni. Kati ya aibu mbili tukachagua ile ndogo: shemeji atakuwa akiniogesha kabla ya kwenda kazini.

Alianza vizuri, kwa mikono yake, akitazama ukutani. Siku ile alizungumza zaidi ya nilivyowahi kumsikia: habari ya mpira, bei ya vipuri, chochote cha kufunika ukimya.

Wakati huohuo daktari alisema kuna dawa nyingine, mpya, ya dripu. Haikuwa ya kupunguza maumivu tu. Ilikuwa inaenda kuzuia ule mwito wa vita wenyewe ndani ya damu. Haikuwa ya watu wa aina yangu, ilikuwa ya watu wenye bima na ndugu ng'ambo, lakini kampuni ya dawa ilikuwa imempa dozi chache za bure kwa wagonjwa wachache, naye akanitaja mimi.

"Una miezi michache," aliniambia, akikunja kidole changu kadiri kilivyokubali. "Baada ya hapo mfupa unashikana na mfupa. Hapo hata dripu haitafungua."

Nikafanyiwa eksirei ya kifua ili wajue sina kifua kikuu, maana dawa ile ingekiamsha. Kifua kilikuwa safi. Siku ya majibu Rispa ndiye aliyenisindikiza, kwa sababu ngazi sikuziweza tena hata kinyumenyume. Sista wa kliniki alitueleza, kwa Kiswahili, kwa haraka, huku foleni ikisubiri.

"Shida yake iko kwa kinga ya mwili. Hii dripu itashusha kinga. Kwa hivyo akipata homa, hata kidogo, mlete."

"Kinga," alisema Rispa.

"Eeh, kinga. Na vile vidonge vyeupe pia vinashusha kinga. Aendelee navyo mpaka siku ya dripu."

Rispa hakuuliza kitu. Tulipotoka aliniketisha kwenye hoteli ndogo ya mjini, akaniagizia chipsi na soda, kitu ambacho hajawahi kunifanyia tangu nizaliwe. Alinitazama nikila kwa viganja viwili. Macho yake yalikuwa yamejaa, nikadhani ni furaha ya dripu.

Ikiwa wewe uliishi Nairobi miaka ile unajua tayari. Redioni, kanisani, kwenye mabango niliyoyapaka mimi mwenyewe, neno kinga lilikuwa na maana moja tu. Mtu mwenye shida ya kinga alikuwa mtu mwenye ukimwi, na jamaa zake waliishusha sauti walipomtaja. Mimi niliyesoma kila karatasi iliyokunjwa ndani ya kila pakiti ya dawa sikufikiria hata kidogo kwamba dada yangu na mimi tumesikia neno moja tukapata magonjwa mawili.

Nyumba ikabadilika, taratibu. Uji wangu ukaanza kuwa na ladha ya majani. "Ni unga wa mama mmoja wa kanisa," alisema Rispa. "Unaongeza nguvu." Watoto waliacha kuja kukaa nyuma ya pazia langu. Na asubuhi moja shemeji alikuja bafuni na mifuko ya plastiki, ile myembamba ya dukani, ameivaa mikononi na kuifunga kwa mpira kwenye vifundo vya mikono.

Nikaiona. Nilidhani ni heshima. Nilijiambia mtu huyu amefikiria jinsi ya kuniogesha bila kugusa uchi wa shemeji yake, na nikampenda kwa hilo. Mifuko ilikuwa ikipiga kelele mgongoni mwangu kama karanga zinazokaangwa. Hakuzungumza tena habari ya mpira.

Siku chache kabla ya dripu nilianza kutapika. Kwanza nikadhani ni ule uji. Kisha kichwa kikawa chepesi, kila nikiinuliwa dunia inateremka. Viungo vikawaka vyote pamoja, kuanzia taya hadi kisigino, kwa namna ambayo sikuwa nimeijua hata katika siku mbaya kabisa. Nilimwambia Rispa aniongezee kidonge. Akaniwekea ulimini, akageuka upande mwingine. Siku ya dripu, tulipofika mjini, chini ya zile ngazi za kliniki, nilisikia sauti yangu ikisema "nishike," na hapo kumbukumbu inakatika.

Nilizinduka wodini, hospitali kubwa, na dripu ya maji mkononi. Daktari wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na viatu vyake vya michezo. Hakuwa na tabasamu.

"Uliacha steroidi lini?"

"Sijaacha, daktari."

"Damu yako inasema umeacha. Presha yako inasema umeacha."

"Naapa. Kila asubuhi nameza."

Alivuta kiti. Aliongea polepole, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema dozi alizonazo ni chache. Alisema dawa ile mpya ni kali, mtu akiichezea itamuua, na hawezi kumpa mgonjwa asiyesema ukweli kuhusu vidonge. Kuna mwalimu mmoja wa kike anayesubiri na anafuata maagizo. Angeamua kesho.

Nataka niwe mkweli kwako kuhusu siku ile, kwa sababu na wewe unaweza kufika hapo. Sikulia. Nilitazama mikono yangu juu ya blanketi, imekunjana kama kuku aliyechinjwa, nikahesabu kila kitu ilichowahi kunifanyia, na nikaomba nisiamke. Si kwa hasira. Niliomba kama mtu anayeomba chai. Mtu ambaye haaminiki, hawezi kujiogesha, hawezi kuondoka. Nimeondoka kila mahali maishani, na kile kitanda sikuweza kukiondokea.

Kesho yake Rispa alikuja saa ya kuona wagonjwa, na daktari akaja hapohapo. Akamwambia dada yangu, kwa heshima, kwamba jamaa wa mgonjwa ni vizuri wajue: ndugu yako aliacha dawa, karibu afe, na sasa hatapata dripu.

Rispa alikaa chini sakafuni. Si kwenye kiti. Sakafuni, mkoba wake mapajani.

"Ni mimi," alisema. "Asilaumiwe. Ni mimi nilibadilisha."

"Ulibadilisha nini, mama?"

"Vidonge. Nilimwaga nikaweka vya vitamini, vinafanana." Sasa alikuwa akilia na kusema pamoja. "Mlisema vinashusha kinga. Mtu kinga yake imeisha, na nyinyi mnashusha tena! Mnataka afe haraka? Mimi nimezika dada yetu mdogo na hiyo ukimwi. Siwezi zika huyu. Siwezi!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna.

"Ukimwi gani, dada?" nilisema.

"Usijifiche. Mimi ni dada yako."

"Rispa. Mimi sina ukimwi."

"Walisema kinga."

Daktari alitazama mmoja, akatazama mwingine. Kisha akafanya jambo ambalo nitamshukuru hadi mwisho: alivuta sari yake pembeni, akachuchumaa sakafuni karibu na dada yangu.

"Mama, nisikilize. Wa ukimwi, kinga yake imelala. Huyu, kinga yake ni mlevi. Inapiga watu wa nyumbani. Mimi sitaki kuiua. Nataka kuiketisha chini."

Rispa akajifuta pua kwa leso. "Mlevi?"

"Mlevi kabisa."

"Na haina virusi?"

"Haina. Tulipima siku ya kwanza. Hakukwambia?"

Dada yangu alinigeukia. Nimeona macho mengi, lakini yale siyasahau. "Miezi yote hii! Nimekuombea mpaka magoti yakachubuka! Wewe Wekesa una akili kweli?"

"Hukuniuliza."

"Nikuulize vipi? Mtu anaulizwa hiyo?"

Na hapo, Mungu anisamehe, nikacheka. Taya liliuma, nikacheka tu, na mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka, na Rispa akanipiga begani kwa mkoba, kisha akaniegemea bega hilohilo akiomba radhi.

Shemeji alikuja jioni akitoka kazini. Alikuwa ameambiwa. Alichukua karai la wodi, akaosha mgongo wangu kwa mikono mitupu yenye grisi isiyotoka, akisugua kwa nguvu kupita kiasi.

"Shemeji, polepole, mimi si injini."

"Nilikuwa nakuosha kama sufuria ya msiba, ile hakuna anayetaka kuigusa," alisema, akitazama ukuta. "Sikujua."

Tangu hapo nimelifikiria sana. Hata kama ningekuwa na virusi vile, mifuko ile haikunistahili, kama ambavyo haikumstahili dada yetu mdogo, ambaye sijui nani alimwogesha wala vipi. Nilimwambia hivyo jioni ileile. Akainua karai, akasema, "Ni kweli," akaenda kumwaga maji.

Daktari alinipa dripu. Yule mwalimu pia alipata. Kwa bahati, mgonjwa mwingine wa orodha alikuwa amehama mji. Kilikuwa chumba kidogo chenye viti vya kuegemea na dirisha linalotazama paa za mabati. Sindano iliingia, tone likafuata tone, na Rispa alikaa pembeni akiikodolea macho ile chupa kama mtu anayemlinda mwizi. Mara mbili alimwita sista kuuliza kama kinga haitashuka kupita kiasi. Nami nilitetemeka kwa baridi isiyokuwepo, nikafunikwa, ikapita.

Sitakudanganya kwamba nilisimama nikaruka. Siku za kwanza hakuna kitu. Kisha asubuhi moja niliamka nikajua kuna kitu kimekosekana, nikalala nikikitafuta, na kilikuwa maumivu. Baada ya dripu ya pili magoti yakashuka. Baada ya ya mwisho niliweza kushika burashi nene, ya ukutani, si ya herufi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimeshikana na havitafunguka kamwe. Mfupa ulifika kabla ya dawa. Uso wangu ulirudi polepole steroidi ilipopunguzwa sawasawa, na muuza viazi akaniuliza kwa huruma kama niko mgonjwa.

Dozi za bure zikaisha. Mwalimu yule ugonjwa ulimrudia vibaya, na nikikutana naye kwenye ngazi tunasalimiana kwa macho tu. Mimi nashikiliwa na vidonge vya mara moja kwa wiki, vya bei nafuu, navyo ni ndugu wa dripu kwa kazi yake. Kuna wiki mbaya. Julai ikija naogopa. Daktari hajui itadumu hadi lini, na nilipomuuliza alisema hajui, jambo ambalo nililipenda.

Ukipewa dawa ya aina hii, waketishe watu wa nyumbani na uwaulize wamesikia nini. Si waliambiwa nini. Wamesikia nini. Yaseme majibu yako hata kama hakuna aliyekuuliza, kwa maana wanaokupenda ndio watakaoogopa zaidi kuuliza.

Sasa napanga chumba Uthiru, mbali na dada yangu kidogo, karibu kidogo. Vidonge navimeza Jumapili baada ya chakula, na kila Jumapili simu inalia kabla sijafuta mdomo.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Ya nini?" Lazima niseme, la sivyo hakati simu.

"Ya kushusha kinga, dada."

Nasikia pumzi yake, nasikia watoto wakigombana nyuma yake, nasikia mwanamke aliyezika mmoja akijikaza kuliachia neno hilo lipite sikioni.

"Haya," anasema mwishowe. "Basi ishushe."